Shajara ya Chumba cha Ridhaa

Tunduma, Jumatatu, 3 Juni 2024

Mradi umeanza kupokea watu leo. Nimepewa chumba kilichokuwa cha chanjo: meza, viti viwili, wino wa dole gumba na rundo la fomu za ridhaa, kurasa tisa kila moja. Kazi yangu ni kueleza, kusikiliza, kisha kuomba sahihi. Upande wa pili wa ukuta wenzangu wanapima mlango wa kizazi kwa siki. Panapogeuka peupe na kutia shaka, daktari anakata kinyama, kidogo kuliko punje ya mchele.

Niandike hapa kwa maneno yangu kile ninachoomba, maana kwenye fomu kimefunikwa. Naomba mambo mawili. La kwanza, kinyama kisomwe ili ijulikane kama ni saratani. Hiyo ni tiba, na mgonjwa angestahili kuipata hata mradi usingekuwepo. La pili, kitakachobaki baada ya kusomwa kihifadhiwe kwa utafiti, pengine utafiti ambao bado haujamjia mtu yeyote kichwani. Fomu imeyafunga yote mawili kwenye sahihi moja.

Mama wa kwanza anauza dagaa Sogea. Alinisikiliza kwa adabu, ila nilipofika kwenye maumivu na matone ya damu akanikatisha: "Dada, nimezaa watano, kuumia nakujua. Hicho mnachokata, mkishamaliza kukisoma, kinakaa kwa nani?"

Kuhusu maumivu, fomu ina aya mbili ndefu. Kuhusu "kwa nani", ina sentensi moja: sampuli zitahifadhiwa kwa usalama.

Jumatano, 5 Juni

Nimemkalisha mwenzangu wa maabara anieleze njia nzima, nisije nikamwambia mtu nisichokijua. Kinyama kinatumbukizwa kwenye formalini, kinabandikwa lebo yenye namba, kinapanda gari kwenda Mbeya. Huko kinatolewa maji na kuzamishwa kwenye nta ya moto. Ikiganda, kinakuwa kitofali cha kukaa kwenye kiganja. Kitofali kinachanwa vipande vyembamba vya maikromita nne au tano, vinatiwa rangi, mtaalamu wa patholojia anavisoma kwa hadubini. Majibu yanarudi Tunduma. Kitofali kinabaki, kinapangwa kabatini.

"Kinakaa muda gani?"

"Nta haiozi, dada."

Na kweli haiozi. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kwamba wamekuta mabaki ya virusi vya UKIMWI ndani ya tezi iliyokatwa kwa mwanamke mmoja wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960, ikahifadhiwa kwenye nta. Waliilinganisha na damu iliyochukuliwa mji huohuo mwaka 1959, wakakadiria kwamba virusi vilikuwa vikisambaa kwa binadamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Sitaki elimu hiyo ipotee. Najiuliza tu: mwanamke yule alikwenda kutibiwa tezi wakati ugonjwa wenyewe haukuwa na jina duniani. Nani angejua cha kumwuliza?

Ugumu wa ombi la pili uko hapo. Mama wa Sogea naye atakuwa amekubali kitu ambacho mimi ninayemweleza sikijui.

Ijumaa, 7 Juni

Leo kijana wa kike, mama wa watoto wawili, mume dereva wa lori la Lubumbashi. Tulipomaliza kusoma akasema, "Ngoja nimpigie baba watoto."

Miongozo iko wazi: mtu mzima anaamua mwenyewe. Nikamwambia, "Si lazima umwulize, mama."

"Sijasema lazima. Nimesema nataka."

Nikanyamaza. Akapiga. Sauti ya mwanamume ilikuja juu ya ngurumo ya injini, naye hakuuliza kama ruhusa imeombwa kwake, aliuliza, "Majibu watakupa wewe mkononi?" Akaambiwa ndiyo. "Basi pima."

Yupo pia mwanamke anayemwuliza mume kwa sababu anaogopa kipigo, na huyo ndiye aliyefikiriwa kanuni ilipoandikwa. Siwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama usoni. Ninachoweza ni kufunga mlango, kukaa na mtu peke yake, kumpa nafasi ya kusema hapana bila shahidi, halafu kama bado anataka kushauriana na wake, akashauriane. Kumsukuma ajitenge na watu wake ni kumwamulia pia.

Jumanne, 11 Juni

Mhudumu wa afya wa jamii amekuja kutoka Chapwa na maneno: eti mradi unakata vizazi na kuviuza ng'ambo. Ofisini wamecheka. Mchana nikampitia mzee mmoja wa kata ya Mpemba ambaye watu wa mtaa wake humsikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa lile la kukata watu?"

Hakulisema kwa ubaya. Akanikumbusha mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, wakati mkoa wa Songwe haujazaliwa na sisi wote ni Mbeya. Wachuna ngozi. Watu waliuawa huku Mbozi na mpakani, wakakutwa wamechunwa, na ngozi ilisemekana inanunuliwa na washirikina nje ya nchi. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tulivyokatazwa kwenda kisimani jioni. Baadaye, kuanzia 2007, tukasikia ya ndugu zetu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa: viungo vya mtu hai vikiwekewa bei.

Na nyuma zaidi kuna mumiani, na ng'ambo ya mpaka, enzi za Rhodesia ya Kaskazini, kuna banyama: watu wa serikali na wa kampuni waliodaiwa kukamata raia na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya habari hizo, kikatoka mwaka 2000. Hakuzipuuza kama ujinga. Alizisoma kama kumbukumbu ya namna watu walivyouona utawala uliowachukulia bila kuwaeleza.

Woga huo nao umeua. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walishambuliwa na kuuawa na watu waliowadhania ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo.

Siwatetei wauaji. Ila ofisini wakisema "wananchi waelimishwe", nasikia kwamba mwananchi hajui kitu. Mtu wa Mbozi mwenye miaka arobaini anajua, na hakufundishwa na uvumi, kwamba mwili wa binadamu ulishawahi kuwa bidhaa kwenye barabara hii. Akiona gari lisilo na maelezo linaondoka na kipande cha mke wake, ana sababu ya kuuliza.

Mzee alihitimisha kwa methali: "Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenu liko wapi?"

Ijumaa, 14 Juni

Binti wa dada yangu alichanjwa Aprili mwaka huu shuleni, kampeni ya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo inakinga virusi vya papiloma, ndivyo vinavyoleta saratani hii ninayokaa nayo kutwa. Leo ameniuliza nani aliigundua. Nimemjibu kifupi, jibu refu naliweka hapa.

Mwaka 1951, Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, alilazwa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na saratani ya mlango wa kizazi. Kipande cha uvimbe wake kilikatwa na kupelekwa maabara ya George Gey. Hakuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizoitwa HeLa, zikaendelea kuzaana maabara, jambo ambalo seli za binadamu zilikuwa zimeshindwa, na zikasambazwa dunia nzima. Katika miaka ya 1980 kundi la Harald zur Hausen kule Ujerumani lilitambua virusi vya papiloma aina ya 16 na 18 kwenye saratani hii, na aina ya 18 ikaonekana pia ndani ya HeLa. Zur Hausen alipata Nobeli mwaka 2008. Chanjo ilijengwa juu ya elimu hiyo.

Kwa hiyo kitu kilichochukuliwa Baltimore bila kuulizwa kimemfikia mtoto wa Tunduma kikiwa kinga. Wenzangu wakisimuliwa hivi husema, "Si unaona faida?" Naiona. Mama wa Sogea hakuuliza faida. Aliuliza kinakaa kwa nani. Unaweza kumfaidia mtu sana na bado ukawa hujamjibu.

Familia ya Lacks ilikuja kujua zaidi ya miaka ishirini baadaye, na waliowajia katika miaka ya 1970 walikuja kutaka damu yao pia. Agosti 2023 warithi wakafikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher, waliyoishtaki kwa kujitajirisha na seli hizo. Masharti hayakutangazwa.

Jumanne, 18 Juni

Nisiifanye hii iwe hadithi ya Marekani peke yake. Anthony Epstein amefariki Februari mwaka huu na miaka 102. Jina lake limebaki kwenye virusi vya Epstein-Barr, ambavyo ugunduzi wake haukuanzia London alikokuwa akifanya kazi. Ulianzia Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaoua watoto. Epstein alimsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba apelekewe vipande. Vikawa vinapanda ndege kutoka Kampala. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikashushwa Manchester. Kilipofika, kimiminika kilikuwa na ukungu wake chenyewe, seli zikielea, zikaweza kuoteshwa. Mwaka 1964 virusi vikaonekana kwa hadubini ya elektroni.

Njia ya Nairobi kwenda Stockholm nayo ilikuwepo, kwa maabara ya watafiti wa huko, akina Klein. Mwaka 1967 walianzisha mfululizo wa seli kutoka kwa kijana wa Kiafrika wa miaka 16 mwenye uvimbe huohuo wa Burkitt. Mfululizo huo unaitwa Daudi. Bado unaoteshwa hadi leo, unatumika kupima kama seli za kinga zina uwezo wa kuua saratani, na kichupa chake kinauzwa kwa mamia ya dola. Mwingine wa wakati huo, Namalwa, uliendeshwa viwandani kutengeneza interferoni, dawa iliyouzwa na kampuni ya Wellcome.

Watoto wale walikuwa wagonjwa kweli, na Burkitt alipigania dawa ya kuwatibu, baadhi walipona. Lakini za HeLa zilipata mwandishi, mahakama na warithi wanaojulikana. Kwa upande wetu kuna jina lililochapwa kwenye orodha ya bei.

Jumapili, 23 Juni

Mke wa kaka amejifungua salama. Mama yetu hakuuliza uzito wa mtoto kwanza. Aliuliza, "Kondo la nyuma wamelipeleka wapi?" Muuguzi akasema, "Liko kwenye shimo lake, bibi, limefunikwa, hakuna mtu anayelifikia." Mama akaridhika, ndipo akamdai mjukuu. Muuguzi yule hakuwa na fomu ya kurasa tisa.

Jumatano, 26 Juni

Tumebishana juu ya nauli. Mradi unamrudishia kila anayekuja pesa ya usafiri. Kwa anayekaa Majengo, ni zaidi ya anachopata kwa siku nzima ya kubeba mizigo mpakani. Je, anakubali utafiti au anakubali nauli? Mratibu anasema tukiondoa nauli maskini hawatakuja kabisa, na wao ndio wanaokufa na saratani hii. Ana haki. Nimependekeza tuitoe kabla ya fomu, mtu akishafika tu mlangoni, akubali au akatae. Amesema atafikiria.

Muuguzi mstaafu aliyekuwepo akatukumbusha wahudumu wa baa. Mwaka 2000, wanawake 600 wa baa za mkoa wa Mbeya wa wakati ule, katika miji ya barabara kuu, waliandikishwa kwenye utafiti wa magonjwa ya zinaa na VVU, wakifuatwa kila baada ya miezi kadhaa kwa vipimo. Walitibiwa magonjwa ya zinaa, wakapewa ushauri, na dunia ikajifunza kwao namna maradhi hayo yanavyofungulia mlango VVU. Kazi yenyewe imechapishwa kwenye majarida ya kitabibu, kwa Kiingereza. "Wale mabinti," akasema, "ukiwauliza leo walichangia nini, wangapi watakueleza?"

Jumatatu, 1 Julai

Mama wa Nakonde, upande wa Zambia, amevuka kwa miguu asubuhi kama wanavyovuka wote. Kwake mpaka ni barabara ya kwenda sokoni. Swali lake: "Kinyama changu kitakaa Tanzania? Nikikitaka, nitakuja na pasi?"

Nimeuliza juu. Kibali cha maadili cha utafiti wa afya kinatoka kwa kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sampuli haitoki nje ya nchi bila mkataba wa kuhamisha sampuli unaoeleza inakwenda kwa nani na kufanya nini. Taarifa zake binafsi zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Daftari alilolitaka mzee wa Mpemba, kumbe, lipo. Lipo Dar es Salaam na Dodoma. Mama wa Nakonde hana karatasi yoyote ya kumfikisha huko.

Alhamisi, 4 Julai

Kikao. Nimeingia na mapendekezo manne, nikayasoma bila hotuba:

Sahihi ziwe mbili. Moja ya kupimwa, nyingine ya mabaki. Anayekataa ya pili atibiwe vilevile, na aambiwe hivyo kabla hajaulizwa.

Badala ya "zitahifadhiwa kwa usalama", iandikwe: kitakaa maabara gani, mji gani, chini ya nani, kwa miaka mingapi, kikitoka, kitatoka kwa kibali cha nani.

Kila mtu aondoke na kadi yenye namba ileile iliyo kwenye kitofali chake, na simu inayopokelewa na mtu wa hapa. Akibadili mawazo, namba hiyo ndiyo ya kukitafutia kitofali na kukiondoa.

Mara moja kwa mwaka mradi urudi kwenye mikutano ya mitaa, useme kilichofanyika na vilivyobaki, hata kama hakuna jipya.

Mtafiti mmoja akauliza: je, tukijenga njia ya kuondoa sampuli, wote wakiondoa? Halafu akataja tatizo la kweli: matokeo yakishachapishwa, hayawezi kurudishwa nyuma, kitofali kinaweza kuondolewa, elimu iliyokwisha kutoka haiwezi. Nikasema basi hilo nalo liandikwe, kwa maneno hayohayo. Mama wa dagaa atalielewa. Yeye mwenyewe akishauza ndoo, haiombi irudi.

Mawili ya kwanza yamepita. Kadi itachapwa, simu itakuwa yangu mpaka bajeti ipatikane. Hilo la mikutano limeahirishwa, na yoyote kati ya haya lazima yapelekwe kwanza kwenye kamati ya maadili. Wamekubali pia kwamba mpaka kibali kitoke, wanaokuja waombwe lile la kwanza tu.

Jumatano, 14 Agosti

Kibali kimetoka, fomu mpya imeanza. Kurasa tano.

Baadhi wamekataa la pili. Binti wa saluni Kaloleni amekataa bila sababu na sikumtaka sababu. Bibi mmoja kutoka Mpande amekataa kwa sababu anataka azikwe mzima. Tukaelewana kwamba kitofali chake hakitatumika kwa utafiti, kitabaki kwa ajili ya matibabu yake tu. Mama wa Nakonde amekubali, akapiga picha kadi yake kwa simu, akamtumia mwanawe Lusaka. Mama wa dagaa, niliyemtafuta Sogea ili nimsomee upya, alitaka kwanza jina la anayeshika ufunguo wa kabati. Nikampigia mwenzangu wa Mbeya, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Akatia sahihi ya pili.

Mchana mratibu ameleta jedwali. Kwenye fomu ya zamani, hakuna hata mmoja aliyekataa mabaki yake yahifadhiwe. Kwenye hii, safu ya "hapana" ina watu. Anataka niandike maelezo ya kushuka huko kwa ajili ya wafadhili, na nipendekeze namna ya kurekebisha.

Nimeandika kwamba hakuna kilichoshuka. Safu ile tupu ya mwanzo ndiyo iliyohitaji maelezo: wanawake wote wale, wa umri wote, wa mitaa yote, wa nchi mbili, wote waseme ndiyo? Watu hawakubaliani hivyo hata juu ya bei ya mahindi. Tulikuwa hatujawauliza. Sasa tumewauliza, na wanaosema ndiyo wanajua wamesema ndiyo kwa nani. Hao ndio ninaoweza kuwasimamia mbele ya mzee wa Mpemba.

Nimemwomba asiibadilishe sentensi ya mwisho. Amesema ni ndefu kwa ripoti. Tutaona.